Mbwa wa Msoma Mita

"Kuna mtu anayekaa nyumbani mchana?"

Afisa wa kituo cha kuokoa wanyama aliuliza bila kuinua macho, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu. Lilikuwa swali la saba. Yale sita ya kwanza yalikuwa mepesi: mnaishi wapi, mko wangapi, ua una uzio, mmewahi kufuga. Dobi alikuwa ameyajibu haraka kama mtu anayehesabu mashuka. Kwa hili la saba alimtazama kwanza binti yake, kisha watu wawili waliosimama nyuma yao wakingoja zamu.

"Yupo," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Baba yake huyu."

"Anafanyia kazi nyumbani?"

"Yupo tu."

"Yupo tu kivipi, mama? Huyu mbwa ni kijana, ana nguvu, si wa kufungiwa ndani na kuachwa. Ukimwacha peke yake nusu siku anakula mlango. Watu wawili wameshamrudisha kwa sababu hiyo. Akirudi mara ya tatu, sisi hatumweki tena kwenye orodha ya kutafutiwa nyumba."

Binti alielewa mara moja maana ya kutowekwa kwenye orodha. Akaushika mkono wa mama yake na kuufinya.

"Hana kazi," alisema dobi. "Mume wangu hana kazi. Yuko nyumbani kutwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mgeni aliyejaa manyoya kwenye sweta. Alisubiri pole. Afisa badala yake alifurahi. "Safi kabisa!" alisema, akaweka alama ya tiki iliyovuka kisanduku. "Wengi tunawakatalia hapo."

Nyuma yao mtu mmoja alikohoa. Dobi alisaini bila kusoma.

*

Mbwa aliitwa Cheche. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, miguu mirefu isiyolingana na kifua, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Aliokotwa kwenye jengo lisilomalizika akiwa amefungwa kwa waya. Wiki ya kwanza alikula ndala tatu, zote za mguu wa kushoto, akatoboa mto wa kochi, na siku ya tano aliruka akaling'oa pazia la chumbani pamoja na fimbo yake. Mume wa dobi, aliyekuwa amelala saa nne asubuhi akiwa na nguo zote mwilini, aliamka jua limemkalia usoni. Alilipachika pazia upya kwa misumari minne.

Pazia lile lilikuwa na kazi kubwa. Miezi mitano iliyopita kampuni ya maji ilikuwa imefunga mita mpya zinazojisoma zenyewe na kupeleka hesabu ofisini bila kumhitaji mtu. Yeye alikuwa amesoma mita miaka kumi na tisa, hata mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bwana Mita. Barua ya kumshukuru kwa utumishi wake ilikuwa fupi kuliko risiti ya dukani. Jioni ile ile jirani aliuliza mbona mapema leo, na dobi, kwa huruma na kwa haraka, akasema mumewe amehamishiwa zamu ya usiku kwenye pampu. Basi ikawa hivyo. Mtu wa zamu ya usiku hulala mchana, na mtu anayelala mchana hufunga pazia. Uongo ulikuwa mdogo, wakaingia wote watatu wakaishi humo.

Dobi hakumchukua mbwa kwa sababu ya kupenda mbwa. Binti ndiye aliyewapenda, miaka miwili anaomba. Dobi aliogopa. Mumewe alikuwa ameacha kunyoa ndevu, kisha ameacha kuuliza leo ni siku gani. Dobi akitoka kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kutwa nzima alilisha mashine mashuka ya wodi, alikuwa akifungua mlango wa nyumba yake polepole, akisikiliza kwanza kama kuna anayepumua. Kama kituo kingempa mbuzi, angemchukua mbuzi.

"Mimi na mbwa?" mumewe alisema siku ya kwanza, akivuta suruali kuonyesha kovu kwenye shavu la mguu. "Wewe umesahau hili? Maisha yangu yote ya kazi nimekimbizwa na hawa."

"Basi sasa ni zamu yako kumkimbiza yeye. Karatasi inasema mara mbili kwa siku, saa nzima kila mara. Mimi nina mashuka, mwanao ana shule."

"Watu wataniona."

"Toka alfajiri kabla hawajafungua madirisha. Rudi kwa uchochoro wa nyuma."

Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Mtu akizoea kudanganya, anakuwa na majibu ya ziada.

*

Siku ya kwanza mbwa alimvuta Bwana Mita hadi akaangukia goti kando ya mtaro. Siku ya pili alimvuta zaidi, na mtu yule, kwa kuwa hakutaka kuonana na yeyote wa kwao, aliiachia miguu ijiendee. Miguu ikampeleka ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mtaa wa mageti makubwa, mtaa wake wa kazi.

Kwenye geti la kwanza alisimama. Hakuwa na sababu. Alisimama kwa sababu pale ndipo alipokuwa akisimama miaka yote. Akachuchumaa, akainua kifuniko cha chuma, akafuta kioo kwa kidole gumba, akasoma. Kamba ikalegea. Cheche aligeuka kuona kulikoni, akanusa shimo, akaona hapaendwi popote, akakaa kitako. Geti la pili ikawa vivyo hivyo. Kufika geti la kumi na nne, mbwa alikaa kabla yake.

"Kumbe," alisema Bwana Mita.

Wale waliomrudisha Cheche walikuwa wamemfundisha kwa kelele, na kwa kelele hakuelewa kitu. Huyu alimfundisha bila kujua anafundisha: hatua thelathini, simama, kaa, ngoja, hatua thelathini nyingine, kwa saa nzima na zaidi, bila haraka na bila hasira, maana mita haisomwi kwa hasira. Wiki ya pili mbwa alitembea kamba ikining'inia kama uzi. Hakurukia watu tena. Akirudi nyumbani alikunywa maji, akalala usingizi wa mfanyakazi, na mlango ukabaki mzima.

Hapo mtu mwenye akili timamu angeridhika. Lakini Bwana Mita, siku ya kumi, alitoa sandukuni shati la buluu la kampuni. Alijiambia kwamba mtu mwenye shati la buluu hasumbuliwi getini. Ukweli ni kwamba alilitaka shati. Siku ya kumi na mbili alinunua daftari, akaanza kuandika alichosoma, nyumba kwa nyumba, tarakimu zimenyooka. Mlinzi mmoja akamfungulia geti, mwingine naye akamfungulia. "Mzee, umerudi! Na hii silaha mpya?" Wakacheka, akacheka nao. Alimwonyesha mwalimu mmoja mstaafu kwamba mita yake inazunguka hata mabomba yakiwa yamefungwa, maji yanavuja mahali, na mwalimu akamshika mkono kwa mikono miwili. Siku ile alikula chakula cha mchana sahani mbili.

Nyumbani waliona tu matunda yake. Alinyoa. Alimuuliza binti habari za shule, akasikiliza jibu. Mezani aliwaigiza jinsi Cheche anavyowatazama paka, binti akapaliwa kwa kucheka. Dobi hakuuliza wanapita njia gani. Alikuwa na furaha na hakutaka kuichokonoa.

*

Gari la kampuni lilisimama nyuma yake kwenye geti la ishirini na nane. Walishuka wawili, dereva na kijana mwenye tai. Kijana yule Bwana Mita alimfundisha kazi mwenyewe, alimwonyesha jinsi ya kuinua kifuniko kwa ndoano ili asitie vidole kwenye nge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo." Kijana alimtazama mbwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumtazama mtu. "Mzee, tumepigiwa simu. Mama mmoja wa huku anasema mfanyakazi wetu anaingia uani kwake na mbwa, anasoma mita. Na sisi hatuna tena mtu anayesoma mita."

"Sijachukua kitu cha mtu."

"Najua, mzee."

"Sijaomba hata maji ya kunywa."

"Najua. Nimewaambia ofisini. Ila wanataka shati."

"Shati?"

"Ni mali ya kampuni. Ulitakiwa ulirudishe ulipoondoka."

"Nitalifua. Kesho nawaletea limepigwa pasi."

"Tumeambiwa tuondoke nalo," alisema dereva, ambaye hakufundishwa na mtu yeyote hapo.

Bwana Mita aliibana kamba kati ya magoti, akafungua vifungo kimoja kimoja. Fulana ya ndani ilikuwa na tundu kwapani. Mlinzi wa geti la ishirini na nane, aliyekuwa akicheka naye jana, alikumbuka kazi fulani huko nyuma ya nyumba. Kijana alilikunja shati kwa adabu sana, kola ikiwa juu, kisha akatoa simu akapiga picha kibati cha kwenye mkanda wa shingoni mwa mbwa, chenye namba ya kituo, kwa sababu ripoti ilihitaji.

"Nisamehe, mzee."

"Ni kazi yako," alisema Bwana Mita. Hakuna neno lingine lililomuuma zaidi ya hilo, na alilisema mwenyewe.

Alirudi na fulana mchana kweupe. Cheche alikaa kila geti kama alivyozoea, na kila geti alivutwa. Baada ya mageti sita alichanganyikiwa, naye akaanza kuvuta.

*

"Kumbe siku zote hizo unasoma mita?" aliuliza dobi jioni, hata kabla ya kuvua viatu.

"Namtembeza mbwa."

"Na daftari?"

Akalifunika daftari kwa kiganja.

"Ukishaandika unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu."

Dobi alikuwa amejiandaa kugomba. Jibu hilo lilimvunja nguvu, akakaa. Binti alikuwa sakafuni, ameweka kichwa juu ya mgongo wa mbwa, macho mekundu. Yeye ndiye aliyepokea simu ya kituo: wameletewa malalamiko kuwa baba anaingia na mbwa majumbani kusoma mita, afisa atakuja kesho saa tatu asubuhi na gari, atamtazama mbwa akitembezwa na huyo anayemtunza. Akivuta, akimrukia mtu, au ikionekana hapa hakuna uangalizi, anaondoka naye.

"Ni mara ya tatu, Mama," alisema binti. "Hawamweki kwenye orodha."

"Nimesikia, mwanangu. Kesho utampitisha wapi, wewe?"

"Kule nimekatazwa."

"Basi hapa mtaani kwetu."

"Saa tatu asubuhi? Saa tatu mimi si nimelala?"

Alilisema kwa dhati kabisa, hata binti akainua kichwa kumtazama.

"Umelala wapi?" dobi alisema. "Pampu gani? Tuko wenyewe humu ndani!"

"Wewe ndiye uliyewatangazia."

"Nilikuwa nakuficha aibu."

"Sasa nikimpitisha bila kusimama, atavuta, umeona leo. Nikisimama kila geti, watatoka, wataniuliza. Nitawaambia nini?"

Kesho dobi alikuwa na zamu ya wodi mbili na ruhusa haikuwepo. Aliinuka akampigia pasi shati la maua alilomnunulia mwaka juzi, ambalo hakuwahi kulivaa kwa kuwa linang'aa mno.

*

Afisa alifika saa tatu kamili, na sweta lile lile, ubao wa kuandikia mkononi. Gari aliliacha mdomoni mwa mtaa, mlango wa nyuma wazi, kizimba kinaonekana.

"Twende kama kawaida yenu," alisema.

Bwana Mita akaamua kupita haraka. Alitembea kichwa chini, shati la maua likipiga kelele peke yake, akitumaini kuumaliza mtaa kabla watu hawajaamini wanachokiona. Cheche alikaa kwenye geti la kwanza, akavutwa. Akakaa la pili, akavutwa. Kabla ya la tatu alikuwa anavuta yeye, akajitupa pembeni, akaangusha kopo la fundi viatu, misumari ikamwagika barabarani.

Afisa aliandika mstari mzima. "Ndivyo anavyotembea huyu?"

"Hapana."

"Mimi naandika ninachokiona, baba."

Bwana Mita alitazama kizimba, akamtazama mbwa aliyekuwa akihema, haelewi kosa lake. Kwa kweli hakuwa na kosa. Akarudi hatua tano hadi kwenye geti lililokuwa kando ya fundi viatu, akasimama. Cheche akakaa. Kamba ikalegea.

"Bwana Mita!" alisema fundi viatu, akiokota misumari. "Leo hujalala?"

Kwenye baraza la pili msusi alisimamisha kitana juu ya kichwa cha mteja.

"Nimechelewa kulala," alisema Bwana Mita.

"Pole na zamu. Hiyo pampu itakumaliza."

Afisa aliinua macho kutoka kwenye ubao. "Samahani, zamu gani? Kwenye fomu yangu kuna mtu aliye nyumbani mchana, tena macho. Kama unakesha kazini na kulala mchana, huyu mbwa anashinda na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya; swali la saba ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote kwenye fomu. Lakini aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya mbwa arobaini wanaobweka, na mtaa mzima ukasikia.

Bwana Mita aliufungua mdomo na zamu ya usiku ikiwa tayari ulimini. Ilikuwa miezi mitano humo, imeota mizizi. Angeisema tena, fundi viatu angeridhika, msusi angerudi kwenye nywele zake, na mlango wa lile gari ungefungwa kwa nje.

"Sina zamu," alisema. "Niliachishwa kazi mwezi wa tatu. Sifanyi kazi usiku, sifanyi mchana. Niko nyumbani."

Fundi viatu alibaki na misumari kiganjani. Msusi ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Bwana Mita! Miezi mitano mimi sijafungua redio mchana! Wateja nawasuka kimya kama wako msibani, mkeo kaniambia umelala!"

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe, lakini wimbo wangu nilioupenda hata umeshapitwa na wakati!"

Mteja alicheka na kitana kichwani. Bwana Mita hakucheka. Alifurahi kwamba ni mbwa aliyetakiwa kukaa, maana yeye angekaa asingeinuka. Afisa akasema, "Endelea, baba."

Akaendelea. Geti la nne walitoka wakauliza, akasema. La tano akasema. Kufika la nane maneno yalikuwa yamelainika, akiyatoa kama alivyokuwa akisoma tarakimu, bila kuongeza wala kupunguza, na mbwa kando yake amekaa, kamba imelala chini. Mzee wa nyumba ya tisa alimpa mkono, akasahau kuurudisha. Mwanamke wa nyumba ya kumi alisema alijua tangu mwezi wa nne. Mwisho wa mtaa afisa alifuta ule mstari wake na kuandika mwingine.

"Anabaki. Mara mbili kwa siku, kama hivi. Majumba ya watu usiyaingie tena. Na kila mtu wa nyumbani kwako ajifunze kumshika, siku ukiumwa asiteseke."

Alilifunga gari likiwa tupu, akaondoka.

*

Hakuna aliyemkumbuka dobi. Saa kumi kasoro alishuka kituo cha basi, miguu imevimba, na mtu wa kwanza aliyekutana naye, mke wa nyumba ya kumi, alimshika mikono yote miwili.

"Pole, mama. Pole sana. Tumesikia asubuhi."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Wamemchukua mbwa, alifikiri, maskini mwanangu. Hatua chache mbele mzee wa nyumba ya tisa alivua kofia. "Pole, binti yangu. Jikaze." Kwa mbwa mtu havui kofia. Wa tatu akasema pole, wa nne akasema pole na Mungu yupo, na dobi akakumbuka lile pazia, na jinsi mumewe alivyokaa macho jana usiku binti amekwisha kulala, na hofu ile ya kila siku ya kusikiliza pumzi mlangoni ikampanda mara moja mwili mzima. Akaanza kukimbia. Mfuko ulimponyoka, hakurudi kuuokota.

Nyumba ilikuwa wazi. Pazia limefunguliwa, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Aliita jina la mumewe, lile ambalo mtaa haulijui. Akatoka nje akiwa na mkono kifuani.

"Yuko wapi?" alimuuliza msusi. "Niambie tu. Wamempeleka wapi?"

"Nani?" Msusi alipunguza redio. "Mumeo? Si anazunguka na mbwa. Hii mara ya tatu leo, karatasi inasema mara mbili, kashindwa kurudi ndani."

"Mbona mnanipa pole?"

"Ya kazi yake, jamani! Katuambia mwenyewe, nyumba hadi nyumba. Wewe ulidhani ya nini?"

Dobi alikaa chini pale pale kwenye kizingiti cha msusi na kulia kwa sauti, bila kujizuia, mbele ya wateja wawili. Alipowaona wakija, mumewe na shati lake la maua, binti na sare ya shule, mbwa katikati, alikuwa bado analia na tayari amekasirika.

"Miezi mitano nimeubeba uongo wako!" alimwambia. "Unautua mtaani bila hata kunipigia simu? Nimekimbia! Na miguu hii, nimekimbia!"

"Nilisahau," alisema mumewe. Kisha, kwa kuwa halikutosha, akasema, "Nisamehe, mke wangu. Nilijiona mwepesi, nikasahau."

Dobi alimtazama sana. Mumewe alikuwa amechomwa na jua puani.

"Mama, mfuko wako," alisema binti, "nauona kule chini."

"Twende tukauchukue," alisema mumewe, akamwekea kamba mkononi. "Afisa anasema kila mtu ajifunze. Usimvute wala usimpigie kelele. Kila geti unasimama, basi."

Dobi alijifuta uso kwa kanga ya msusi, akashika kamba. Cheche alimtazama, akapima, akaamua kuwa huyu naye ataweza. Walishuka mtaa polepole, kwa mwendo wa miguu iliyovimba. Kwenye geti la kwanza alisimama, na mbwa akakaa, na fundi viatu akaondoa nyundo mdomoni mwa kiatu.

"Pole, mama," alisema. "Miezi mitano si mchezo."

Kwa mazoea dobi alitafuta la kusema, jambo la pampu, la zamu, la mtu aliyelala. Hakulihitaji.

"Nimeshapoa," alijibu, akangoja mbwa ainuke.